Jinsi ya kuweka zana za ufikivu kwenye kompyuta: jua kuzima kabla ya kuwasha

"Herufi ni ndogo mno, nifanyeje?" "Kompyuta imeanza kuongea yenyewe, nimeizima na kuiwasha, bado inaongea." "Kibodi imekufa ghafla, lakini nikiichomeka kwenye kompyuta nyingine inaandika vizuri."

Maswali haya hayaishi, na majibu yake yote yako sehemu moja: mipangilio ya ufikivu, yaani ya zana zinazomsaidia mtu kuona, kusikia na kuendesha kompyuta kwa urahisi. Anayeuliza la kwanza hajui kwamba zana ipo. Wanaouliza mawili yaliyobaki wameiwasha bila kukusudia, na hawajui pa kuizimia.

Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja nitakayoirudia hadi uichoke: usiwashe zana yoyote kabla hujajua namna ya kuizima kwa kibodi. Zana hizi hubadilisha jinsi kibodi, kipanya na skrini vinavyofanya kazi. Ukikwama, vitu vile vile ambavyo ungevitumia kujinasua ndivyo vilivyobadilika.

Nimeandika kwa ajili ya Windows 11 na 10, pamoja na Linux yenye eneo-kazi la GNOME, ambalo ndilo wanalokutana nalo wengi wanaoanza na Ubuntu au Fedora. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 2025, lakini zana zake za ufikivu bado zinafanya kazi kama kawaida. Wenye Mac wana aya yao karibu na mwisho. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ya Kiingereza, kwa sababu ndivyo kompyuta nyingi zilivyo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kujua toleo la mfumo wako. Kwenye Windows bonyeza Windows+R, andika winver, kisha Enter. Kwenye GNOME fungua Settings, sehemu ya About.
- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Bila hiyo utafanya karibu yote, isipokuwa kuweka NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti (hatua ya 8), na hatua ya skrini ya kuingilia.
- Spika au hedifoni zinazofanya kazi. Zijaribu kwanza kwa wimbo wowote, usije ukadhani kisoma-skrini kimegoma kumbe sauti imezimwa.
- Kibodi yenye namba upande wa kulia, kama unataka kuendesha mshale bila kipanya.
- Karatasi na kalamu. Sitanii. Orodha ya vitufe vya kuzimia ikiwa ndani ya kompyuta haitakusaidia siku skrini ikigeuka usiyoielewa.
- Mtumiaji mwenyewe. Kama unamwekea mzazi, mwanafunzi au mfanyakazi mwenzako, aketi yeye kwenye kiti na wewe ukae pembeni. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu mwenye macho mazuri kuchagua ukubwa wa herufi kwa macho yake, kisha kuondoka akiamini amesaidia.

Maandalizi

1. Fungua ukurasa wa ufikivu. Kwenye Windows bonyeza Windows+U. Windows 11 itakupeleka "Accessibility". Windows 10 imeupa ukurasa huo jina la "Ease of Access", lakini njia ya mkato ni ile ile. Kwenye GNOME fungua Settings, shuka hadi "Accessibility", kisha washa "Always Show Accessibility Menu". Alama ya mtu aliyenyoosha mikono itakaa juu ya skrini wakati wote, na hutalazimika kuitafuta tena.

2. Andika vitufe vya kuzimia kwenye karatasi yako. Vingi vinawasha na kuzima kwa mbonyezo ule ule.

Kwa Windows:
- Narrator, yaani kisoma-skrini cha Windows: Windows+Ctrl+Enter
- Magnifier, yaani kikuza-skrini: Windows pamoja na alama ya kujumlisha kuwasha, Windows+Esc kuzima
- Rangi za utofautishaji mkali: Alt ya kushoto + Shift ya kushoto + Print Screen
- Vichujio vya rangi: Windows+Ctrl+C, kama umeruhusu njia hiyo kwenye mipangilio
- Sticky Keys, yaani kubonyeza vitufe kimoja kimoja: Shift mara tano mfululizo
- Filter Keys, yaani kupuuza mibonyezo isiyokusudiwa: shikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8
- Mouse Keys, yaani kuendesha mshale kwa namba: Alt ya kushoto + Shift ya kushoto + Num Lock
- Kibodi ya kwenye skrini: Windows+Ctrl+O

Kwa GNOME:
- Orca, yaani kisoma-skrini: Super+Alt+S
- Kikuza-skrini: Super+Alt+8

Super ndicho kitufe chenye nembo ya Windows.

Jaribu angalau viwili sasa hivi. Washa Narrator, iache iseme sentensi moja, izime. Washa Magnifier, izime. Ukishaona umerudi salama, hofu inapungua sana, na hofu ndiyo inayowafanya watu wengi waache zana hizi siku ya kwanza.

Kuona vizuri zaidi

3. Anza na ukubwa wa kila kitu. Kwenye Windows nenda Settings, System, Display, halafu "Scale". Kama iko 100%, jaribu 125%, kisha 150%. Hapa herufi, vitufe, picha na madirisha vyote hukua kwa pamoja, na programu nyingi hutii. Kwenye GNOME sehemu hiyo iko Settings, Displays, Scale. Usipunguze ubora wa skrini, yaani "Resolution", ili herufi ziwe kubwa. Zitakua kweli, lakini zitakuwa na ukungu, na jicho dhaifu linateseka zaidi kwa ukungu kuliko kwa udogo.

4. Kama bado maandishi peke yake ni madogo, rudi kwenye ukurasa wa ufikivu, "Text size". Kitelezi kinaanzia 100% hadi 225%. Sogeza, tazama mfano ulio juu yake, kisha bonyeza "Apply". Wengi husogeza kitelezi na kufunga dirisha bila kubonyeza Apply, halafu wanalalamika hakuna kilichobadilika. Kwenye GNOME kuna swichi moja tu, "Large Text", chini ya "Seeing". Inaongeza maandishi kwa robo ya ukubwa wake, na kwa wengi inatosha.

Ndani ya kivinjari kuna njia ya tatu: Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha hukuza ukurasa, Ctrl+0 huurudisha ulivyokuwa. Ukitumia njia zote tatu kwa kiwango cha juu, madirisha hayataenea kwenye skrini na vitufe vya "Sawa" vitapotelea chini pasipoonekana. Ongeza moja, itumie kwa muda, ndipo ufikirie ya pili.

5. Shughulikia rangi. Mtu anayesumbuliwa na mwanga wa skrini nyeupe mara nyingi hahitaji zaidi ya mandhari meusi: Settings, Personalization, Colors kwenye Windows, au Appearance kwenye GNOME. Anayeshindwa kutenganisha maandishi na mandhari ndiye anayehitaji "Contrast themes". Windows 11 inakuja na nne: Aquatic, Desert, Dusk na Night sky. Desert ina mandhari meupe, zilizobaki ni za giza. Chagua, bonyeza Apply, subiri sekunde chache skrini ijichore upya.

Vichujio vya rangi, "Color filters", ni jambo jingine kabisa. Vimekusudiwa wasiotofautisha rangi fulani, kwa mfano nyekundu na kijani, au bluu na njano. Jaribu kila kichujio ukitazama gurudumu la rangi linaloonyeshwa hapo. Kinachokufaa ni kile kinachokutenganishia vipande vingi zaidi, hata kama jina lake silo ulilotajiwa na daktari.

6. Kuza mshale. Hii ni hatua ndogo yenye faida kubwa, na ajabu ni kwamba wengi huiruka. Kwenye Windows fungua "Mouse pointer and touch", ongeza ukubwa, kisha chagua rangi isiyopatikana mara kwa mara kwenye kurasa, kama zambarau au kijani kikali. Chini yake kuna "Text cursor", kile kistari kinachomweka unapoandika. Unaweza kukinenepesha na kukiwekea alama ya rangi juu na chini. Kwenye GNOME utapata "Cursor Size", na ndani ya "Pointing and Clicking" kuna "Locate Pointer": ukibonyeza Ctrl ya kushoto, duara linatokea pale mshale ulipo. Kwa anayepoteza mshale kila dakika, hiyo peke yake inatosha kumtuliza.

7. Washa kikuza-skrini ikiwa hatua zilizopita hazikutosha. Ukiwasha Magnifier kwa mara ya kwanza skrini inaruka ghafla hadi ukubwa mkubwa, na wageni wengi hushtuka wakafunga. Kabla ya kuitumia, ingia kwenye mipangilio yake na upunguze hatua ya kukuza, "Zoom increment", iwe 25% au 50%. Baada ya hapo Windows na kujumlisha inakuza taratibu, Windows na kutoa inapunguza.

Kuna mitazamo mitatu. Ctrl+Alt+F hukuza skrini nzima. Ctrl+Alt+L hukupa lenzi inayofuata mshale. Ctrl+Alt+D hubandika sehemu iliyokuzwa juu ya skrini, na chini yake kazi inaendelea kwa ukubwa wa kawaida. Kwa anayeanza napendekeza huu wa mwisho, maana hupotezi picha ya skrini nzima. Ukitumia wa skrini nzima ukapotea, bonyeza Ctrl+Alt+Space, skrini yote itaonekana kwa muda ili ujue uko upande gani.

Kusikiliza skrini

8. Chagua kisoma-skrini kimoja. Nasisitiza kimoja. Windows ina Narrator tayari ndani yake, na GNOME ina Orca. Kwa Windows, maoni yangu ni haya: tumia Narrator kwa siku ya kwanza na kwa dharura, kisha weka NVDA kwa kazi ya kila siku. NVDA haiuzwi. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, mtayarishaji programu wa Australia ambaye mwenyewe haoni, na inaonekana wazi kwamba walioitengeneza wanaitumia.

Kuiweka:

a) Washa Narrator ikiwa huoni skrini. Fungua kivinjari na uende nvaccess.org, upande wa kupakua. Utaombwa mchango, ni hiari, unaweza kuendelea bila kutoa.

b) Fungua faili ulilopakua. NVDA itaanza kuongea yenyewe hata kabla hujaiweka. Hapo izime Narrator kwa Windows+Ctrl+Enter, la sivyo utasikia sauti mbili zikigombana na hutaelewa hata moja.

c) Kubali masharti, kisha chagua "Install NVDA on this computer".

d) Dirisha la kukaribisha litakuuliza mpangilio wa kibodi. Kwa laptopu chagua "Laptop", na uweke tiki kwenye Caps Lock iwe kitufe cha NVDA (ndicho ninachokiita "NVDA" kwenye amri zinazofuata), kwa sababu Insert kwenye laptopu nyingi imefichwa au haipo. Ukihitaji Caps Lock ifanye kazi yake ya zamani, ibonyeze mara mbili upesi.

e) Sasa Kiswahili. Kwenye kompyuta ya Kiingereza, sauti unayoanza nayo husoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na jina lako mwenyewe huenda usilitambue. Bonyeza NVDA+Ctrl+S, chagua eSpeak NG, programu ya sauti inayojua Kiswahili, kisha Enter. Kisha NVDA+Ctrl+V, nenda kwenye orodha ya "Voice", chagua Swahili. Sauti yake ni ya kimashine, na siku ya kwanza utaichukia. Lakini inatamka "ng'ombe" na "mwanafunzi" kama inavyopaswa, haichoki, na ukiizoea inasomeka kwa kasi kubwa. Ipunguze mwendo kwanza kwenye dirisha hilo hilo. Utaiongeza mwenyewe baadaye.

f) Jifunze amri chache tu kwa kuanzia. Ctrl hunyamazisha. NVDA+T husoma jina la dirisha. NVDA+Tab hukwambia uko wapi. Ndani ya kurasa, H hukupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata na K kwenye kiungo. NVDA+1 huwasha darasa la vitufe: kila unachobonyeza kinatajwa na kazi yake bila kutekelezwa, ukimaliza, NVDA+1 tena.

Kwa Orca: Super+Alt+S kuwasha, kisha kitufe cha Orca pamoja na Space kufungua mapendeleo, ambako utachagua lugha na sauti. Kitufe cha Orca ni Insert kwenye mpangilio wa mezani na Caps Lock kwenye wa laptopu. Kitufe hicho pamoja na H hufungua darasa lake la vitufe.

Kibodi na kipanya

9. Sticky Keys ni kwa anayetumia mkono mmoja, au ambaye vidole havifiki vitufe viwili kwa wakati mmoja. Washa kwenye ukurasa wa ufikivu, "Keyboard". Sasa Ctrl+C inakuwa hivi: bonyeza Ctrl, achia, bonyeza C. Ukibonyeza Shift mara mbili inafungwa, herufi zote zinakuwa kubwa hadi uibonyeze mara ya tatu.

Hapa pana mtego. Ndani ya Sticky Keys kuna chaguo linaloizima zana endapo vitufe viwili vitabonyezwa kwa pamoja. Kwa mtu ambaye mkono wake unagusa vitufe vya jirani bila kutaka, zana itajizima kila baada ya dakika na atadhani ameharibu kitu. Ondoa tiki hapo. Kinyume chake, kama kompyuta inatumiwa na watu wengi, wengine wakiwa hawahitaji Sticky Keys, liache chaguo hilo liwe limewashwa.

10. Filter Keys ni kwa mikono inayotetemeka, na ndiyo zana inayosababisha kilio cha "kibodi imekufa". Ina kazi zaidi ya moja ndani yake. Moja hupuuza mibonyezo ya kurudia, ili "baba" isiandikwe "bbaaba". Nyingine, Slow Keys, hudai kitufe kishikiliwe kwa muda fulani ndipo kikubalike. Tatizo ni hiyo ya pili: mtu asiyejua anabonyeza upesi kama kawaida, na hakuna herufi inayotokea. Anza na kupuuza marudio peke yake. Slow Keys iwashe tu ukiona bado vitufe visivyotakiwa vinaingia, na uanze na muda mfupi kabisa. Kwenye GNOME zana hizi mbili zimetenganishwa, zinaitwa Bounce Keys na Slow Keys, ndani ya "Typing".

11. Kama huhitaji zana hizi, zima njia zake za mkato. Anayecheza michezo ya kompyuta hubonyeza Shift mara tano bila kufikiri, na kila mara dirisha la Sticky Keys linamrukia. Ndani ya ukurasa wa "Keyboard", chini ya kila zana, kuna swichi ya njia ya mkato. Lakini kwa kompyuta inayotumiwa na wengi ninashauri ziachwe. Usumbufu wa mmoja ni mdogo kuliko mwingine kushindwa kuingia kabisa.

12. Kuendesha mshale kwa namba: washa Mouse Keys. Kwenye namba za kulia, 8 ni juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Tano inabofya, kujumlisha inabofya mara mbili. Kwa kubofya kulia, bonyeza alama ya kutoa kwanza, kisha 5. Kurudi kwenye kubofya kwa kawaida, bonyeza mkwaju (/) wa upande huo wa namba. Sifuri inashika kitu ili ukiburute, nukta inakiachia. Mshale ukitambaa mno, ongeza kasi kwenye mipangilio yake badala ya kukata tamaa.

Kusikia, na skrini isiyotulia

13. Anayesikia kwa sikio moja awashe "Mono audio" ndani ya "Audio", ili sauti zote zifike upande wake. Papo hapo kuna chaguo la kumulika skrini arifa inapolia. GNOME ina "Visual Alerts" na pia "Overamplification", inayopandisha sauti kupita 100%; tahadhari na hedifoni.

Windows 11 kuanzia toleo la 22H2 ina manukuu ya moja kwa moja, yaani maneno yanayosemwa huandikwa kwenye skrini: Windows+Ctrl+L. Mara ya kwanza inapakua mafaili, baadaye kazi inafanyika ndani ya kompyuta yenyewe. Lugha uliyochagua lazima iwe ndiyo inayozungumzwa, vinginevyo utasoma maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

14. Anayepata kizunguzungu kwa madirisha yanayoteleza azime "Animation effects" ndani ya "Visual effects". Hapo hapo unaweza kurefusha muda wa arifa kukaa kwenye skrini, hadi dakika 5. Kwa msomaji wa polepole, huo ndio mpangilio wa kwanza ningegusa.

Skrini ya kuingilia

15. Usimalize bila hatua hii. Watu huweka kila kitu vizuri, kisha kompyuta inajiwasha upya usiku kwa ajili ya sasisho, na asubuhi mtumiaji anakutana na sehemu ya nenosiri iliyo bubu na yenye herufi ndogo.

Kwa Narrator na Magnifier, fungua ukurasa wa kila moja na utafute chaguo la kuanza kabla ya kuingia na la kuanza baada ya kuingia. La kwanza linahusu watumiaji wote na linadai mamlaka ya msimamizi. Kwa NVDA, bonyeza NVDA+N, Preferences, Settings, General, kisha weka tiki kwenye kutumia NVDA wakati wa kuingia. Baada ya hapo bonyeza kitufe kilicho jirani, cha kupeleka mipangilio yako kwenye skrini hiyo. Bila hivyo NVDA itaongea kwa sauti yake ya mwanzo na si ile ya Kiswahili uliyohangaika nayo. Kwenye GNOME mipangilio ya skrini ya kuingilia ni tofauti na ya akaunti yako: bofya alama ya ufikivu iliyo juu ya skrini hiyo na uwashe tena unachohitaji.

Zima kompyuta kabisa, iwashe, na uingie bila msaada wa mtu. Ukikwama kwenye nenosiri, rudi mwanzo wa hatua hii.

Kwa wenye Mac

Bonyeza Option+Command+F5 upate jedwali la zana zote, au kwenye baadhi ya laptopu gusa Touch ID mara tatu upesi. VoiceOver ni Command+F5. Kikuza-skrini ni Option+Command+8, lakini kwanza ruhusu njia zake za mkato ndani ya System Settings, Accessibility, Zoom.

Mambo yakiharibika

Kibodi haiandiki kitu. Shikilia kitufe kimoja kwa sekunde mbili au tatu. Herufi ikitokea, ni Slow Keys. Shikilia Shift ya kulia sekunde 8, au izime kwenye ukurasa wa ufikivu kwa kipanya.

Herufi hazijiandiki, badala yake ukurasa unarukaruka. NVDA iko kwenye hali ya kusoma na inachukulia H au K kama amri. Ukiwa ndani ya kisanduku cha kuandikia bonyeza Enter, au NVDA+Space.

NVDA imenyamaza lakini haijafungwa. Huenda umebonyeza NVDA+S, inayobadilisha kati ya kuongea, kulia mlio na kunyamaza. Ibonyeze tena mara kadhaa hadi isikike. Ikishindikana, Ctrl+Alt+N huianzisha upya.

Skrini nzima imekuwa nyeusi na nyeupe. Ni kichujio cha rangi. Windows+Ctrl+C, isipokubali, Windows+U, "Color filters", zima.

Skrini imekuzwa na huoni pa kubofya. Windows+Esc. Kwenye GNOME, Super+Alt+8.

Namba za kulia haziandiki, mshale unatembea badala yake. Mouse Keys imewashwa. Alt ya kushoto + Shift ya kushoto + Num Lock.

Programu moja imekataa kukua wakati nyingine zote zimekua. Toka kwenye akaunti na uingie tena. Ikibaki hivyo hivyo ni programu ya zamani isiyojua ukubwa mpya: bofya kulia kwenye alama yake, Properties, Compatibility, "Change high DPI settings", kisha iachie mfumo kazi ya kuikuza. Itakuwa na ukungu kidogo, lakini itasomeka.

Mipangilio inarudi nyuma kila ukiwasha kompyuta. Mara nyingi hiyo ni kompyuta ya ofisi au ya maabara inayosimamiwa kutoka kwingine. Hutaishinda kwa kubofya. Mpelekee msimamizi wake orodha ya unachohitaji, ukitaja jina la kila zana na kiwango chake, kwa mfano "Text size 150%, Sticky Keys iwashwe", ili aiweke kwenye akaunti yako moja kwa moja.